Dozi ya kujumlisha: CT skani zinaporudiwa kwa majeruhi

Majeruhi wa bodaboda akifikishwa idara ya dharura hajitambui, damu inamtoka sikioni, hakuna wa kukaa kujadili mionzi. Anaingizwa kwenye CT skani, na daktari yuko sahihi kabisa, kwani damu inayovujia ndani ya fuvu haimsubiri mtu. Tunaposema dozi ya kujumlisha, hatuigombi picha hiyo ya kwanza. Tunaihesabu mionzi yake pamoja na ya zile zinazoifuata.

CT skani ni eksirei nyingi zinazopigwa kumzunguka mgonjwa, kisha kompyuta inazipanga kuwa vipande vyembamba, kama mkate wa slesi. Ndiyo maana mionzi yake ni mingi. Hupimwa kwa milisiveti. Eksirei ya kifua ni kama 0.1, au pungufu. CT ya kichwa hufika 2 hivi, ya kifua 6 au 7, ya tumbo na nyonga 8 hadi 10, ingawa mashine hazifanani. Ardhi, anga, hewa na chakula humpa kila mtu duniani wastani wa 2.4 kwa mwaka, akiwa amekaa zake nyumbani.

Sasa mfuate majeruhi wetu. Hospitali ya kwanza inapiga kichwa, kifua na tumbo: 18 hivi. Saa chache baadaye kichwa kinarudiwa, kuona kama damu imeongezeka: 20. Anapewa rufaa. Anakofika, sidii haifunguki, au imesahaulika mezani, au picha zilizorushwa kwa WhatsApp hazisomeki. Anapigwa upya kuanzia kichwani: 38. Hiyo ni mionzi ya asili ya miaka 15 na ushee, imeingia kwa siku mbili. Mfanyakazi wa chumba cha mionzi amewekewa kikomo cha wastani wa 20 kwa mwaka; mgonjwa hana kikomo, kwa kuwa inachukuliwa kwamba kila picha ina sababu.

Picha ile ya kuangalia damu ilikuwa na sababu. Ya sidii isiyofunguka haikuongeza lolote ambalo halikuwa limeshaonekana, na hiyo ndiyo inayoniudhi.

Hatari yenyewe ni ndogo, lakini ipo. Makadirio ya Marekani, yanayotegemea zaidi manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, yanasema hivi: katika watu 100 waliopata milisiveti 100 kila mmoja, huenda mmoja akapata saratani kwa sababu hiyo, ilhali 42 wataipata kwa sababu nyingine. Kwa mtoto hatari ni kubwa kuliko kwa mzee, kwa sababu seli zake bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele.

Kuna kosa jingine, la upande wa pili. Ndugu anasikia hesabu hizi, anakataa: "Ameshapigwa nyingi, basi." Mionzi ya jana haifanyi picha ya leo kuwa mbaya zaidi kuliko ingekuwa kwa mtu ambaye hajawahi kupigwa. Picha ya leo inapimwa kwa faida yake yenyewe: je, majibu yatabadilisha matibabu? Kama mgonjwa ameanza kutapika na kusinzia, apigwe hata iwe ya tano. Na kupiga mwili mzima kwa mazoea si lazima kuokoe zaidi. Utafiti wa Uholanzi na Uswisi uliotoka 2016 ulilinganisha njia hiyo na kupiga sehemu zinazotiliwa shaka tu. Vifo hospitalini vilikuwa asilimia 16 pande zote mbili.

Wakati wa rufaa, ndugu ndiye hupanda ambulensi na begi la nguo na chupa ya chai. Bahasha ya sidii na majibu yaliyoandikwa navyo avishike yeye. Kabla gari halijaondoka, amwombe mtaalamu wa mionzi aijaribu sidii kwenye kompyuta nyingine, siyo ileile iliyoichoma.