Mtulinga na jina la askari

Katika mazishi ya askari wa Marekani aliyekufa katika Vita vya Korea (1950–1953) na kurudi kwao baada ya miaka 70, macho ya watu huwa kwenye bendera juu ya jeneza na kwa mpiga tarumbeta. Mimi kazi yangu ni mifupa. Kila nikitazama shughuli hiyo, mawazo yangu yanakwenda kwenye mtulinga, ule mfupa mwembamba utokao begani hadi kidarini.

Mtulinga una siri mbili. Ncha yake ya upande wa kidari ni kati ya sehemu za mwisho kabisa mwilini kukomaa: kipande chake cha mwisho huanza kushikana mtu akiwa na miaka kama 18, na pengine hakimalizi mpaka akaribie 30. Umri huohuo ndio wa askari wengi. Pitisha kidole kwenye ncha hiyo: ikiwa ina vituta na mabonde kama mchanga uliopigwa na wimbi, huyu alikuwa kijana mdogo; ikiwa laini, alishakomaa.

Siri ya pili imetoka kwenye kifua kikuu. Vijana walipoandikishwa jeshini, walipigwa eksirei ya kifua ili wenye ugonjwa huo wachujwe. Aliyepiga picha ile hakuwa na habari ya makaburi. Lakini mitulinga yote miwili inaonekana humo, na mikunjo yake hutofautiana baina ya mtu na mtu kiasi kwamba mfupa ukipigwa eksirei leo kwa mkao uleule, picha mbili zinaweza kulinganishwa mstari kwa mstari.

Wengi hudhani askari hawa wote walikuwa bado wamelala porini Korea. Kumbe mamia walikuwa Honolulu, Hawaii, siku zote, katika makaburi ya kijeshi ya Punchbowl, chini ya mawe yasiyo na majina. Padri Emil Kapaun alikuwa mmoja wao. Alitekwa Unsan, Korea Kaskazini, Novemba 1950 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi, akafa katika kambi ya mateka Mei 1951 akiwa na miaka 35. Baada ya vita mabaki yake yalikabidhiwa pamoja na mengine, yakazikwa bila jina. Alitambuliwa Machi 2021, akazikwa Wichita, Kansas, Septemba mwaka huohuo.

Kwa nini ichukue muda wote huo? Hapa lawama ni ya fani yetu wenyewe, ingawa kwa nia njema. Mifupa mingi ilipitia kituo cha jeshi la Marekani cha kutambua maiti kilichokuwa Kokura, Japani, ikatiwa unga wenye formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ili isimeng'enyeke. Unga ule ukaharibu vinasaba (DNA). Kwa miaka mingi ukipima, unapata sufuri, hadi zilipopatikana mbinu mpya za kusoma vipande vifupi vifupi mno. Na hata vikisomeka, mara nyingi huwa ni vinasaba vya mitokondria, vile vya nje ya kiini cha seli, navyo hurithiwa kwa mama tu. Mtoto wa dada wa askari anavyo. Mtoto wa kaka yake hana. Nimeona familia ikija na ndugu kumi na hakuna hata mmoja anayefaa.

Halafu kuna masanduku. Julai 27, 2018 Korea Kaskazini ilikabidhi masanduku 55 ya mabaki, na ndani yake kulikuwa na kibati kimoja tu cha shingoni chenye jina. Mtu akisikia 55 anahesabu askari 55. Sivyo. Sanduku moja linaweza kuwa na paja la huyu na taya la yule, na mtu mmoja akatapakaa katika masanduku matatu.

Ndiyo maana familia huulizwa swali ambalo mimi naliona zito kuliko mazishi yenyewe: kikipatikana kipande kingine baadaye, mnataka kuambiwa? Wapo wanaosema ndiyo, hata kikiwa kidole. Wapo wanaosema tumeshazika, inatosha. Majibu yote mawili huheshimiwa.

Hata ikiwa kilichopatikana ni mifupa minne, hufungwa kwa shuka na blanketi la jeshi, pini zikapangwa sawasawa, kisha juu yake hulazwa sare kamili yenye cheo na nishani zote alizostahili. Milio ya bunduki kaburini ni mikupuo mitatu. Watu hupenda kuiita mizinga 21, lakini hiyo ni saluti nyingine kabisa.

Kule Punchbowl kuna kuta za mawe zilizochongwa majina ya waliopotea. Aliyepatikana jina lake halifutwi. Pembeni yake hugongomewa ua dogo la shaba, na ukipita na kidole kwenye orodha ile ndefu, unahisi mahali ukuta unapoinuka kidogo.