Injini ikizima wakati ndege inapaa, uamuzi ulishafanyika

Abiria wakijua mimi ni rubani, swali huwa lile lile: injini ikizima ndege ikiwa mbioni kupaa, mnafanyaje? Jibu langu huwashangaza. Hatuanzi kufikiria hapo. Tulishaamua ndege ikiwa bado imesimama.

Kabla ya kila safari tunapiga hesabu ya kasi inayoitwa V1. Tunaingiza uzito wa ndege, urefu wa njia ya kurukia, joto, upepo, na kama lami ni kavu au imelowa. Ndege ikiwa bado haijafika kasi hiyo, njia iliyobaki inatosha kusimama. Ikishaipita, tunapaa, hata kama injini moja imekufa. Ndege ya abiria yenye injini mbili haipewi kibali mpaka ithibitike kwamba inaweza kuendelea kupaa kwa injini moja.

Joto lina ukorofi wake. Jua likiwa kali hewa huwa nyepesi, mabawa hayanyanyui vizuri na injini hupungukiwa nguvu. Ndiyo maana siku nyingine mizigo huachwa, na lawama zote huwaangukia watu wa kaunta.

Tukiwa mbioni, nahodha ameshika vishikio vya nguvu za injini na mwenzake anasoma kasi kwa sauti. Mwanzoni, karibu kila taa ya onyo inatosha kutusimamisha. Tukivuka kama kilomita 185 kwa saa tunakuwa wachaguzi: moto, injini kufa, au jambo litakaloifanya ndege isiweze kuruka. Mengine tutayashughulikia tukiwa angani. Kisha inatajwa "V1", na nahodha anauondoa mkono kwenye vile vishikio. Anauondoa makusudi, asije akashawishika kuvirudisha nyuma.

Kutua nako kuna mpaka wake. Kwa kawaida tunashuka kwa mteremko wa nyuzi 3. Kando ya njia kuna taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu, tuko sawa, zote nyeupe, tuko juu mno, zote nyekundu, tuko chini mno. Tukifika futi 1,000 juu ya uwanja, kama mita 300, magurudumu yawe yametoka, flapu (vile vipande vinavyoshuka nyuma ya mabawa) zimekaa, kasi imetulia, na ndege haishuki zaidi ya futi 1,000 kwa dakika. Kimoja kikikosekana, tunaongeza nguvu na kupaa tena. Yeyote kati yetu wawili anaweza kulitamka hilo, hata kijana aliyeanza kazi juzi, na nahodha habishani naye. Najua abiria hushtuka. Mimi namwogopa zaidi rubani anayelazimisha kutua.

Halafu kuna makofi. Watu hupiga makofi ndege ikigusa chini kwa ulaini, lakini kwenye mvua mimi naigongesha kidogo kwa makusudi, magurudumu yapasue maji na kuishika lami. Yakielea juu ya maji, breki hazina kazi. Na kila sekunde ya kutafuta ulaini inakula njia. Tarehe 2 Agosti 2005, Airbus A340 ya Air France ilitua Toronto katikati ya dhoruba, ikagusa lami karibu mita 1,200 kutoka mwanzo wa njia yenye mita 2,700 na ushei. Ilipitiliza, ikaangukia kwenye korongo na kuteketea. Watu wote 309 walitoka hai.

Ukikaa dirishani karibu na bawa, tazama vibao vinavyoinuka juu yake mara magurudumu yanapogusa. Vinaliua bawa, lisiendelee kunyanyua, ili uzito wote uhamie kwenye magurudumu na breki zipate kushika. Mngurumo unaofuata ni injini zikielekeza hewa mbele. Unasaidia, hasa lami ikiwa imelowa, ila wengi hudhani ndio unaoisimamisha ndege. Hesabu ya umbali wa kutua kwenye lami kavu, ile ya kuidhinishia ndege, haiutii ndani hata kidogo.