Afya ya mwanaanga huanzia ardhini: maswali kutoka Dodoma

Nilikwenda kutoa elimu ya afya kwenye shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji wa Dodoma. Mada ilikuwa chanjo na usalama wa chakula. Kijana wa kidato cha pili akauliza wanaanga huandaliwaje ili wasiugue huko juu, na kipindi kizima kikahamia huko. Sikujuta, maana majibu yake yanaingia hadi majumbani mwetu. Haya hapa maswali yao, pamoja na la mama mmoja aliyenisimamisha getini.

Shikamoo nesi. Mtu akiwa na mafua tu, kweli anazuiwa safari?

Marahaba mwanangu. Anaweza kuzuiwa. Hapa duniani kamasi huteremka yenyewe kwa sababu ina uzito. Kule kila kitu kinaelea, kamasi nayo haishuki. Inabaki imejaa puani mpaka mtu apenge kwa nguvu, masikio yakimuuma. Oktoba 1968 wanaanga wa Apollo 7, chombo cha Marekani, walisumbuliwa na mafua katika safari ya siku 11. Wakati wa kurudi walikataa kuvaa kofia zao ngumu, kwa sababu ndani ya kofia hawangeweza kupenga, na waliogopa mgandamizo wa hewa ukibadilika ngoma za masikio zitapasuka.

Kisa kingine ni cha Apollo 13, mwaka 1970. Charlie Duke, aliyekuwa katika kikosi cha akiba, alipata rubela, ugonjwa wa vipele unaoambukiza, baada ya kufanya mazoezi na wenzake. Damu zikapimwa, Ken Mattingly akaonekana hana kinga. Siku chache tu kabla ya Aprili 11, siku ya kuruka, akaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Jack Swigert. Mattingly hakuugua kamwe, na wapo wanaosema madaktari walikosea. Mimi siafiki. Rubela hukaa mwilini wiki mbili hadi tatu kabla vipele havijatoka. Ingeweza kumlipukia akiwa njiani kwenda mwezini, na huko hakuna zahanati.

Kuanzia Apollo 14, mwaka 1971, wanaanga wakawa wanatengwa siku 21 kabla ya safari. Siku hizi karantini ni kama wiki mbili, na watoto wadogo, hata wa kuwazaa wenyewe, hawasogelei.

Rubela hiyohiyo ndiyo tunayowachanja watoto kliniki pamoja na surua, wakiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Mtoto mwenyewe huugua kidogo tu. Hatari iko kwa mjamzito anayeambukizwa: kichanga chake kinaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, uziwi au kasoro ya moyo. Tafadhali, ile dozi ya miezi 18 msiiache.

Wakishatengwa, basi hawaugui tena?

Karantini huzuia ugonjwa mpya. Haigusi virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni, kama vya tetekuwanga. Kinga ikilegea kwa uchovu na msongo, vinaweza kuamka, na wanasayansi wamevikuta kwenye mate ya wanaanga. Hapa kwetu vikiamka ndipo mtu hupata mkanda wa jeshi.

Chakula chao kinaandaliwaje?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Mkate wenye makombo haufai, kwa kuwa makombo huelea na kuingia machoni au kwenye mitambo. Hutumia mkate bapa wa Mexico, ndugu wa chapati. Lakini hofu kubwa zaidi ni sumu na vijidudu. Katika miaka ya 1960 NASA, shirika la anga la Marekani, na kampuni ya chakula ya Pillsbury waligundua kwamba kupima chakula kikiwa tayari hakutoshi: ili uwe na uhakika, ungeharibu sehemu kubwa ya chakula kwa kukipima. Wakageuza utaratibu. Wakatafuta hatua ambazo hatari inaweza kuingia, tangu malighafi hadi kufungasha, na kuidhibiti palepale. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa HACCP, ambao leo viwanda vya chakula duniani kote vinaufuata.

Sisi wa kanda ya kati tunajua gharama ya kuchelewa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo ya ukungu haiondoki kwa kupika. Ugali ukishaiva umechelewa. Udhibiti uko kwenye kuanika na kuhifadhi. Anika mahindi na karanga juu ya turubai, si kwenye udongo. Kabla ya kuhifadhi mahindi, tia machache kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yakikauka, yatie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Punje zenye ukungu zisiende hata kwa kuku.

Kwa nini wanafanya mazoezi saa mbili kila siku?

Mfupa usiobeba uzito hupungua. Bila mazoezi, mfupa wa nyonga wa mwanaanga hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kwa mwezi. Mzee wa duniani hupoteza karibu kiasi hicho kwa mwaka. Kalsiamu inayotoka huishia kwenye mkojo na kuongeza hatari ya mawe ya figo, kwa hiyo husisitizwa kunywa maji. Kwa jua letu la Dodoma, mkojo ukiwa na rangi ya chai, kunywa maji. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa kulala muda mrefu, msaidieni asimame kila inapowezekana.

Mwanangu anavaa miwani na anataka kuwa mwanaanga. Nimkatishe tamaa mapema?

Hapana mama. NASA hupokea wenye miwani, ilimradi wakiivaa waone sawasawa. Ninachokihofia zaidi kwa watoto wa wilaya ya Kongwa na jirani zake ni vikope (trakoma). Kope zikishajikunja ndani na kukwaruza kioo cha jicho, kovu linalobaki haliondolewi na miwani. Mnawishe uso kila siku. Maji ya kikombe kimoja yanatosha. Macho yakiwa na tongotongo kila mara, mpeleke kituo cha afya, kwa kuwa vikope vikiwahiwa hutibiwa kwa dozi moja ya azithromaisini.