Mionzi ndani ya chumba cha upasuaji: maswali ya wazazi wa mtoto mwenye saratani

Kwa nini mtoto apigwe mionzi mwili ukiwa umepasuliwa?
Kwa sababu hapo ndipo utumbo unaweza kusogezwa. Mionzi ya nje hupenya viungo vizima kabla ya kufika kwenye uvimbe, na viungo vya mtoto anayekua haviistahimili kirahisi. Uvimbe ukishatolewa, daktari huweka kando vinavyosogezeka, hukinga visivyosogezeka kwa vibati vya risasi (metali inayozuia mionzi), kisha mionzi huelekezwa pale tu uvimbe ulipokuwa umeshika.

Ni kwa kila saratani?
Hapana. Hutumika zaidi kwa neuroblastoma (saratani ya chembe changa za neva) na sarkoma (saratani ya mifupa, misuli na tishu laini), hasa zilizorudi au zilizong'ang'ania mishipa mikubwa ya damu. Saratani ya damu haimo. Tena mionzi hii hulenga chembe zisizoonekana kwa macho. Bonge lililobaki haliwezi kumalizwa nayo, kwa hiyo upasuaji wenyewe lazima uwe umefanikiwa.

Dozi ni kiasi gani?
Kwa watoto mara nyingi ni grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 10 hadi 12, mara moja tu. Usiilinganishe moja kwa moja na mionzi ya nje, ambayo hutolewa grei 1.8 hivi kwa siku kwa wiki kadhaa. Dozi ya mkupuo mmoja huwa na nguvu mara mbili hadi tatu zaidi, na mionzi ya nje ikifuata hupangwa kwa kuihesabu hiyo.

Hufanyikaje?
Njia ni mbili. Ya kwanza ni elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme: bomba lenye upana wa sentimita chache hukalishwa juu ya eneo, na mashine huwaka kwa dakika chache. Elektroni huishiwa nguvu upesi, kwa hiyo kilichoko chini zaidi hunusurika. Ya pili ni kipande laini cha silikoni chenye vijibomba, ambamo punje ya iridiamu-192, metali inayotoa mionzi, hupita. Hii huweza kuzidi nusu saa, lakini hufaa kwenye mikunjo ya nyonga ambako bomba halikai.

Wakati wa mionzi wote hutoka nje, daktari wa usingizi pia. Yeye humfuatilia mtoto kupitia kamera na skrini, na mashine huzimika papo hapo akihitajika ndani.

Ni nini huenda kombo?
Damu, mara nyingi. Ikijikusanya chini ya bomba kwa kina cha sentimita moja, elektroni hupoteza sentimita hiyo ndani ya damu badala ya kufika kwenye tishu. Ndiyo maana hufyonzwa hadi dakika ya mwisho. Silikoni nayo ikiacha mwanya wa hewa, dozi hupungua mahali hapo.

Na madhara?
La kuogopwa zaidi ni mishipa ya fahamu, maana mara nyingi uvimbe huwa umeishikilia na haisogezeki. Ganzi, maumivu au mguu kulegea huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, na hatari hupanda dozi ikizidi grei 12 hadi 15. Mrija unaotoa mkojo kwenye figo unaweza kusinyaa na figo ikavimba bila maumivu yoyote. Altrasaundi ndiyo huigundua. Mshipa wa damu wa figo ukibana, presha hupanda, kwa hiyo presha ipimwe kila kliniki hata mtoto akionekana mzima. Mfupa uliopata mionzi huweza kukua kwa kupinda.

Niondoke hospitali na karatasi gani?
Ripoti inayotaja dozi, njia iliyotumika, upana wa eneo na viungo vilivyokingwa. Akihitaji mionzi tena miaka mitano baadaye, daktari mwingine hawezi kupanga dozi salama bila hiyo.