Mwewe: mwizi wa vifaranga anayeishi zaidi kwa makombo

Mwewe ni ndege mla nyama mwenye rangi ya kahawia, aliyezoea kuishi karibu na watu. Akikunjua mabawa huzidi mita moja na robo kutoka ncha hadi ncha, ilhali uzito wake kwa kawaida haufiki kilo moja. Ndiyo maana huelea angani muda mrefu bila kupiga bawa, akibebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini.

Ukitaka kumtambua, tazama mkia. Una panda mwishoni, na hautulii: anaupinda kushoto na kulia kila anapogeuka, kama nahodha anavyocheza na usukani wa mashua. Ndege mwingine mla nyama akipita juu yako na mkia ulionyooka au wa mviringo, huyo si mwewe.

Pa kumtazama vizuri ni soko la samaki la Bagamoyo, pale ufukweni, asubuhi mashua zikishusha. Wachuuzi wanapara samaki, matumbo yanatupwa mchangani, na juu mwewe wanazunguka. Mmoja anajilegeza, anashuka kwa kasi, anapita bila kutua. Hadokoi kwa mdomo, ananyakua kwa kucha. Kisha, akiwa bado anaruka, anauleta mguu mbele, anainamisha kichwa na kula hukohuko hewani. Kutua chini ni hatari: kunguru wamejaa, nao humwandama na kumpokonya.

Kwa hiyo sifa yake ya wizi wa vifaranga ni ya kweli, ila ni sehemu ndogo tu ya maisha yake. Kuku anamjua. Kivuli kikipita uani, mama kuku huinamisha kichwa upande, jicho moja juu, anatoa mlio mkali, na vifaranga wote wanakimbilia chini ya mbawa zake. Mfugaji anayewafunika kwa tenga hadi waote manyoya hana sababu ya kumchukia mwewe. Siku nyingi mlo wake ni mizoga, matumbo ya samaki, panya, mijusi, panzi, na kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua. Shamba likichomwa moto, mwewe hukusanyika kwenye moshi kuwadaka wadudu wanaokimbia. Na ndiyo, humnyang'anya mtoto chapati mkononi.

Tago lake ni la vijiti, juu kwenye panda ya mti mrefu, na ndani hutandika chochote: matambara, karatasi, vipande vya plastiki. Utafiti uliofanyika Hispania na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwewe wa huko hupamba tago kwa plastiki nyeupe kuwatangazia wenzao nguvu zao, na walio dhaifu hawathubutu kujipamba hivyo. Jike hutaga mayai mawili au matatu, akayaatamia kwa takriban mwezi mmoja.

Mwewe wetu akikomaa ana mdomo wa njano. Kati ya Oktoba na Machi huongezeka wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wenye midomo myeusi. Usikimbilie kuwatenganisha kwa mdomo pekee, kwani makinda ya mwewe wetu nayo huanza na mdomo mweusi.

Jambo linaloniuma ni sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutoka nje akiyumba mchana kweupe, na mwewe humwona kabla yetu. Akimla, sumu ileile inaingia mwilini mwake. Wanaotumia sumu nyumbani au ghalani wawaokote panya waliokufa na kuwafukia, badala ya kuwatupa jalalani anakotafuta chakula ndege huyu.