Kwa nini ukurasa wa wavuti unaopendeza machoni huweza kuwa bubu masikioni?

Je, wajua kwamba kurasa mbili za wavuti zaweza kufanana kabisa kwenye skrini, ilhali moja yake humsumbua sana msomaji asiyeona? Tuchukulie kijana wa Tandahimba, mkoani Mtwara, anayejifunza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na ametengeneza ukurasa wa bei za korosho. Kichwa cha habari kimekolea, menyu imekaa juu, kitufe ni cha kijani. Lakini ndani ya msimbo kila kipande kimefungwa kwa tagi (alama inayozungushia kipande cha ukurasa) moja tu, div.

Tagi hiyo hukusanya vitu pamoja bila kusema ni vitu gani. Ukurasa uliojaa div unafanana na ghala la chama cha msingi lenye magunia yasiyoandikwa daraja wala jina la mkulima: aliyeyapanga anakumbuka lipi ni lipi, ila mgeni itambidi afungue moja baada ya jingine. Ndiyo maana HTML5, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014, ilileta tagi zinazojieleza, kama nav kwa menyu, main kwa kiini cha ukurasa na footer kwa sehemu ya chini. Tagi za vichwa vya habari, h1 hadi h6, zilikuwapo tangu mwanzo, na kwa maoni yangu ndizo za kurekebishwa kwanza. Mtumiaji wa NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, hubonyeza herufi H akaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Kichwa kilichoandikwa kwa div, hata kiwe kikubwa namna gani, kwake hakipo.

Kitufe nacho kikiandikwa kwa button hufikiwa kwa kibodi bila kazi ya ziada, jambo ambalo div haifanyi. Na katika jedwali la bei, safu zikipewa vichwa kwa th, msikilizaji anaweza kutajiwa tarakimu pamoja na jina la safu yake, badala ya kusikia nambari tupu.

Makosa haya mwandishi hayaoni kwa urahisi, kwa sababu anajua kila kitu kilipo. Hapo ndipo mwanafunzi mwenzake anapohitajika: aketi asiione skrini, awashe NVDA, kisha atafute bei ya daraja la kwanza. Kumwambia mwenziwe “ukurasa wako mzuri” hakumsaidii. “Nimebonyeza H mara tatu na sijapata kichwa hata kimoja” kunamwonyesha pa kuanzia. Huenda pia akasikia Kiswahili kikisomwa kwa matamshi ya Kiingereza, kwa kuwa baadhi ya programu za kuandikia msimbo huweka zenyewe lang="en" katika tagi ya html, yaani lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Dawa yake ni herufi mbili: “en” ibadilishwe kuwa “sw”, na sauti ya eSpeak NG iliyomo ndani ya NVDA, ambayo inajua Kiswahili, itaisoma “korosho” kwa Kiswahili.