Kabla hamjawapa wakimbizi MDMA

Juzi tena, kwenye semina, daktari mmoja kaniambia: "Wakongo wako hawafunguki. MDMA itawafungua." Nimechoka. Mimi ni mwanasaikolojia wa wakimbizi hapa Australia, ambako tangu Julai 2023 madaktari wa akili wenye kibali maalumu wanaruhusiwa kuwaandikia MDMA, ile dawa ya kulevya inayoitwa pia ecstasy, wenye PTSD, yaani majeraha ya akili yanayobaki baada ya mambo ya kutisha, na kauli hiyo haiishi.

Ya kifamasia nayapita haraka: inapandisha presha, haipatani na baadhi ya dawa za sonona, na haitolewi peke yake. Kwenye majaribio makubwa mgonjwa aliimeza katika vikao vitatu, kila kimoja kama saa nane na wataalamu wawili, mbali na mazungumzo ya kabla na baada.

Sasa mwekeni humo mama wa Kivu Kusini. Kalala, kazibwa macho, masikioni vinanda vya taratibu (yeye mwanakwaya wa Kipentekoste!), pembeni watu wawili. Faili lake mmelisoma? Waliyomtenda wenye bunduki? Na mkalimani wa saa nane zote huenda anasali naye kanisa moja. Huyu mama anasema sana tu, ila anachagua nani asikie.

Kinachoniudhi hasa ni ridhaa. Aliyeishi miaka mingi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, anajua kwamba mwenye fomu ndiye mwenye mgao, ndiye mwenye kesi. Mmoja, baada ya maelezo marefu na saini yake, aliniuliza: "Nikikataa, kesi ya mwanangu itaharibika?" Mwana bado yuko kambini. Sasa ile saini ilikuwa ya nini? Halafu dawa yenyewe hupunguza hofu na kumfanya mtu amwamini aliye mbele yake, kwa hiyo "ndiyo" mpya katikati ya kikao mimi siihesabu. Mambo ya mtaalamu kumgusa mgonjwa, na mipaka yake, yaamuliwe kabla. Kanada, kwenye jaribio moja, wataalamu waliivuka mipaka hiyo.

Na anayesubiri bado hifadhi je? Maofisa hulinganisha maelezo yake neno kwa neno, ya jana na ya leo. Kumbukumbu iliyoibuka akiwa na dawa mwilini, nani ataitetea?

Huko Nakivale, Uganda, Wanyarwanda na Wasomali walisimulia maisha yao kwa wakimbizi wenzao waliofundishwa ushauri, wakapata nafuu. Utafiti ulichapishwa 2008. Kidonge hakikuwepo.

Hata hivyo sina raha. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliikataa MDMA Agosti 2024 na kutaka jaribio jingine, lakini wapo walionufaika, na sijui kama kumlinda mkimbizi hivi si kumnyima. Nikilazimishwa, ningeanza na aliyekwisha pata makazi, familia yake imeshafika, na mkalimani kamchagua mwenyewe.